Kompyuta au fedha: mdogo wangu athibitishe kozi ipi?

Kaka wa Kahama
Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha sita, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), kafaulu vizuri, na majina ya udahili yametoka. Amechaguliwa vyuo viwili: kimoja Sayansi ya Kompyuta, kingine Benki na Fedha. TCU, tume ya vyuo vikuu, wanataka athibitishe kimoja kwa ile namba ya siri inayokuja kwa meseji, na siku zenyewe zinahesabika. Yeye anapenda kompyuta. Mzee anasema fedha, kwa sababu kijana wa jirani yuko benki na ana gari. Mimi nauza vipuri vya pikipiki, mambo ya maofisini siyajui. Naomba walio kazini waseme ukweli: ipi inalipa, na ipi mtu akifika miaka 35 bado anaamka na hamu ya kwenda kazini?

Debiti na Krediti
Fedha, bila kupepesa macho. Shule ina mhasibu, hospitali ina mhasibu, mamlaka ya maji ina mhasibu, hata kanisa lina mhasibu. Mtu wa kompyuta siyo kila ofisi inaye, na iliyo naye inamwita printa ikikwama karatasi. Pale nilipo, Afisa TEHAMA wetu ana digrii safi kabisa na kazi yake kubwa ni kubadilisha wino. Dada asome fedha, avute CPA, kile cheti cha juu cha uhasibu, maisha yaendelee.

Mlinzi wa Sava
Mkuu Debiti, hilo la printa lifute. Mshahara wako unaingia kupitia mfumo ambao kuna mtu anaulinda usiku wewe ukiwa umelala. Ukilipa kodi, leseni au faini ya barabarani unapewa kontrol namba. Hiyo GePG, mfumo wa malipo ya serikali, imejengwa na vijana wa Kitanzania waliosoma hicho unachokiita wino. Tuheshimiane.

Mkaguzi wa Zamani
Vijana, nimefanya ukaguzi wa hesabu miaka mingi na naomba nimjibu huyu kaka, maana swali lake ni zuri. Tofauti kubwa ya kozi hizi iko kwenye mlango wa kuingilia. Uhasibu una mlango wenye sheria: NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, ipo tangu 1972, na hesabu za kampuni hazisainiwi na mkaguzi asiyesajiliwa pale. Kijana akimaliza CPA, mitihani ya Mei na Novemba, ameingia ndani ya uzio na sheria inamlindia soko. Kompyuta haina uzio wa namna hiyo. Tume ya TEHAMA ipo, lakini mtoto aliyejifunzia chumbani kwake anaweza kumnyang'anya kazi mwenye digrii, kesho asubuhi. Kwa hiyo aliyesoma fedha anapanda polepole kwa ngazi zinazojulikana, na aliyesoma kompyuta anaweza kuruka juu haraka au akabaki chini kabisa. Na kozi ya Benki na Fedha peke yake, bila CPA, haimwingizi mtu ndani ya huo uzio. Hilo la mwisho wazazi wengi hawaambiwi.

Debiti na Krediti
Sifuti kitu. Nimesema nilichokiona kwa macho. Mtu wa IT akisikia printa anapandwa na presha, maana anajua ni kweli.

Mlinzi wa Sava
Haya, ngoja nikueleze usiku mmoja, ujue wino unavyobadilishwa. Taasisi moja ya fedha, siitaji. Tarehe za mishahara. Saa tatu usiku kadi zinaanza kukataliwa kwenye ATM nchi nzima. Meneja anapiga simu, kabla hujajibu anapiga tena. Tunaangalia mtandao, uko sawa. Tunaangalia hifadhidata, inapumua kwa shida. Kumbe diski ya sava moja imejaa mafaili ya kumbukumbu za miamala, hakuna nafasi ya kuandika hata mstari mmoja, kwa hiyo kila ombi la kutoa pesa linakwama. Tukahamisha yale mafaili, tukawasha huduma moja baada ya nyingine kwa mpangilio wake, na saa tisa usiku muamala wa kwanza ukapita. Laki moja na ishirini elfu, mtu wa Tunduma. Tulipiga kelele kama tumeshinda kombe. Asubuhi kwenye kikao pongezi zikaenda idara ya hesabu kwa kufunga mwezi kwa wakati. Sisi tukaulizwa kwa nini mfumo ulikuwa chini.

Sasa Kaka wa Kahama, umeuliza hamu ya kazi. Mimi saa ile ya tisa usiku siibadilishi na kitu. Lakini bado hujaambiwa posho ya usiku ilikuwa shilingi ngapi. Ilikuwa sifuri.

Chuma cha Kibaha
Sifuri kivipi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko wazi. Kazi ya saa mbili usiku hadi kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5, na saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Mnalilia humu wakati sheria ipo. Nani kati yenu amewahi kuifungua?

Mlinzi wa Sava
Mkuu, barua ya ajira ilisema mimi ni "menejimenti". Ukishaitwa menejimenti, masharti ya saa za kazi hayakuhusu. Nilisimamia watu wangapi? Hakuna. Ndiyo mbinu yao.

Binti Lindi
Naona wanaume mmeshika printa na posho, mtoto wa watu hajajibiwa. Mimi nina hiyo digrii ya Benki na Fedha, mkononi. Niliajiriwa kuwa afisa mikopo kwenye kampuni ndogo ya mikopo. Mzee wa Kahama anawaza kiyoyozi na tai. Kiyoyozi nilikiona kwenye mafunzo. Baada ya hapo ni Mbagala, ni Gongo la Mboto, ni kugonga mlango wa mama aliyechukua laki tano za kuuza samaki na samaki wakaoza. Una orodha ya marejesho, una lengo la mwezi, usipolifikia unaitwa mbele ya wenzako. Kuna mama alinipa kiti, akaniletea maji, halafu akalia. Nikamwandikia "hakupatikana". Nililia na mimi kwenye daladala. Hiyo nayo ni "kufanya kazi ya fedha", msiwafiche watoto.

Debiti na Krediti
Pole dada, kwa moyo kabisa. Ila afisa mikopo siyo mhasibu. Tusichanganye.

Binti Lindi
Kaka, kozi aliyochaguliwa ni Benki na Fedha, siyo Uhasibu. Rudi juu ukasome. Mzee Mkaguzi ameshasema, mmempita kama hamjamwona.

Mtu wa Thika
Wandugu, salamu kutoka Kenya. Huku vijana hawachagui, wanafanya zote mbili. Unasomea kompyuta chuoni huku unafanya CPA ya KASNEB, bodi yetu ya mitihani ya uhasibu, jioni. Na ndiyo maana sisi tulileta M-Pesa duniani. Tanzania bado mnajadili printa.

Chuma cha Kibaha
Imeanza. M-Pesa imeletwa na Vodafone ya Uingereza ikishirikiana na Safaricom, na serikali ya Uingereza ilitia fedha kwenye majaribio. Ninyi mliitumia vizuri, hongera. Kuileta ni habari nyingine.

Mtu wa Thika
Ilizinduliwa wapi Machi 2007? Jibu hilo tu.

Chuma cha Kibaha
Kenya. Na hapa ilifika 2008, na leo mtu anatuma pesa kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine bila wasiwasi. Endelea kujisifu.

Mzizima
Mods wahamishe hiyo ya Kenya kwenye uzi wake. Tena hata hiyo M-Pesa inajibu swali la mleta mada: ni programu na ni benki kwa pamoja. Kazi zinazolipa sasa zimekaa hapo katikati. Mtu anayejua maana ya kulinganisha hesabu za wakala na za benki, halafu anaweza kuandika programu ya kuifanya kazi hiyo usiku bila mtu, huyo hatafuti kazi. Anatafutwa.

Kijana wa Ubungo
Nyie wote mmechelewa. Akili mnemba inaandika programu kwa dakika mbili. Kompyuta imekufa. Dada asome fedha.

Mlinzi wa Sava
Na akili mnemba ikisoma risiti na kuziingiza kwenye vitabu vya hesabu, anayekaa benchi ni nani? Aliyepanga sava, au aliyekuwa anaingiza risiti?

Debiti na Krediti
Huko ndiko hamjui uhasibu. Mnafikiri ni kuingiza risiti. Sikiliza. Hesabu zimekataa kubalansi, tofauti shilingi 9,000. Mtu wa kawaida anaanza kupitia vocha zote, boksi zima. Mhasibu anagawanya tofauti kwa tisa kwanza. Ikigawanyika bila baki, kuna uwezekano mkubwa mtu kageuza tarakimu, kaandika 54,000 badala ya 45,000. Unatafuta jozi za namna hiyo tu, mara unaiona imekaa pale, mwandiko wa mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Unarekebisha, pande mbili zinalingana. Wewe ulipiga kelele saa tisa usiku kwa mtu wa Tunduma. Mimi nakunja mikono, natabasamu peke yangu. Hiyo raha usiniambie ni ndogo kuliko yako.

Mlinzi wa Sava
Hiyo nimeipenda. Bado la printa hujafuta.

Kijana wa Ubungo
Mnasema raha, raha. Kaka kauliza hela. Kila mtu anaogopa kutaja mshahara?

Mzizima
Naweka mimi, tena namba ambayo haiangalii digrii. Chukua mshahara wa 1,500,000 kampuni binafsi, uwe programa, uwe mhasibu. NSSF, mfuko wa pensheni, asilimia 10, ondoa 150,000. Inabaki 1,350,000 ya kukatwa kodi. PAYE, kodi ya mshahara, kwa kiwango hicho ni 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi milioni moja, yaani 105,000, jumla 233,000. Ulisoma kwa mkopo? Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 225,000. Unakwenda nyumbani na 892,000. Mwenzako aliyesomeshwa na wazazi, dawati hilohilo, anakwenda na 1,117,000. Kabla hamjabishana kompyuta na fedha, muulizeni dada anasoma kwa mkopo au la, na mkopo wa kiasi gani. Ile 225,000 ni kubwa kuliko tofauti ya mishahara mingi ya kuanzia ninayoiona kwenye kozi hizi mbili.

Kaka wa Kahama
Anasoma kwa mkopo, ameomba. Sikujua kama ni asilimia 15. Tuliambiwa serikali inasaidia.

Chuma cha Kibaha
Na usisahau juu yake kuna ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, kila mwaka deni linavimba.

Binti Lindi
Hiyo ilifutwa 2021. Rais Samia aliitangaza Mei Mosi, Mwanza. Usimtishe mtu.

Chuma cha Kibaha
Kutangaza ni kitu kimoja. Waulize waliomaliza zamani deni lao lilianzia wapi na likafika wapi.

Mkaguzi wa Zamani
Kaka wa Kahama, nirudi kwako mara moja kabla hawa hawajaondoka na jambo jingine. Binti amesoma PCM na anapenda kompyuta. Aende huko anakopenda. Hesabu anaziweza, na NBAA haifungi mlango kwa mwenye digrii nyingine. Kuna ngazi ya kuanzia kwa watu wa namna hiyo, atachelewa kidogo tu. Kinyume chake ni kigumu zaidi. Mtu aliyemaliza fedha kuanza kujifunza programu akiwa na familia na marejesho ya mkopo, ni wachache nimewaona wakifika.

Kijana wa Ubungo
Mzee, na konekisheni je? Wote hao bila mjomba ofisini hawafiki.

Binti Lindi
Mimi sina mjomba. Nilipata kazi yangu ya sasa kwa usaili wa Sekretarieti ya Ajira, nimepangwa mkoa ambao sikuwahi kuukanyaga. Acheni kuwakatisha watoto tamaa.

Halafu wakuu, kwa kuwa Bodi imetajwa, naomba msaada. Mwajiri wangu wa zamani alikuwa ananikata kila mwezi, kwenye karatasi ya mshahara ipo. Nimeangalia taarifa ya deni, kuna miezi haionekani kabisa.

Mzizima
Hiyo ni kukata bila kupeleka. Chukua karatasi za mshahara za miezi hiyo, chapisha taarifa ya deni, linganisha mwezi kwa mwezi, halafu peleka nakala ofisi ya Bodi iliyo karibu nawe. Mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuwasilisha, siyo wewe. Usikubali kulipa mara mbili.

Mlinzi wa Sava
Na aliyekata bila kupeleka ni nani, kama siyo mhasibu?

Debiti na Krediti
Mhasibu anaandaa malipo. Hela haitoki mpaka mkurugenzi asaini. Dada, ukifika Bodi uliza jina lililosaini, usianze na aliyeandika vocha.