Kikundi cha Nyumba ya Kogo, Cheptais

Mjomba (Kitale): Habari za jioni. Wakili ameshaandika ombi la korti kwamba shemeji, mume wa dada hapo Cheptais, achukuliwe amefariki. Kifungu cha 118A, Sheria ya Ushahidi: mtu asiposikika miaka 7. Bila hiyo, shamba litabaki kwa jina lake na wenye kusogeza mpaka watazidi.

Shangazi (Cheptais): Nani alimzika?

Mjomba: Pole dada. Sisemi hivyo kwa ubaya.

Binti (Nakuru): Mjomba samahani. Nimesoma karatasi. Imeandikwa "aliondoka nyumbani na hajaonekana tena". Baba hakuondoka. Alichukuliwa.

Shangazi: Asante mwanangu. Janjaweed, wale wanamgambo wa huku Mlima Elgon, walitutoza kodi, wakakata watu masikio. Jeshi lilipopanda huku Machi 2008 tulimshukuru Mungu. Halafu wakakusanya wanaume, mwenye makosa na asiye nayo. Yeye alikuwa anakamua. Alinipa ndoo maziwa yakiwa na povu, akasema nisimfungulie ndama bado. Akapandishwa lori.

Kaka (Kisumu): Wengi walipelekwa kambi ya jeshi ya Kapkota. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch waliyaandika Julai mwaka huohuo, mateso na waliopotea. Kesi ikafika hadi Mahakama ya Afrika Mashariki. 2012 kitengo cha rufaa kikasema imechelewa, mkataba unatoa miezi 2 tu. Miezi miwili! Wake za watu bado walikuwa wanazunguka mochari.

Shangazi: Nilizunguka. Kila shuka ikifunuliwa naomba asiwe yeye. Nikitoka nje naomba heri angekuwa yeye, nijue.

Mama Mdogo (Kapsokwony): 😭 Dada yangu.

Mjomba: Sikuwahi kusikia hayo kwa kinywa chako.

Binti: Mimi naomba hati ya kiapo iseme ukweli: mwezi, lori, aliyeona. Hakimu asidhani Baba alitoroka familia. Mama, ikiandikwa hivyo utaweka sahihi?

Shangazi: Ikisema alichukuliwa, nitaweka. Na matanga hakuna mtu kunilazimisha.

Mjomba: Hakuna atakayekulazimisha. Kesho asubuhi nampigia wakili abadilishe. Yule jirani aliyeona lori bado yuko?

Shangazi: Yuko Kopsiro. Mguu wake haujapona tangu wakati ule, msimwite Bungoma. Wakili apande huku.

Kaka: Nauli ya wakili ni yangu. Natuma kwa Mjomba usiku huu.

Mama Mdogo: Na mimi nitalala kwako siku hiyo, dada. Nitakuja na unga.