Tupeane uzoefu: nini kilikuingiza kwenye kazi ya kufundisha vijana porini, na nini kinakuzuia kuondoka?

Nyayo_Mbili (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Juzi mpwa wangu, kamaliza chuo hivi karibuni, kaniuliza: "Anko, hii kazi yako ya kukaa porini na watoto wa watu uliichaguaje?" Nikamjibu haraka haraka, napenda mazingira na napenda vijana. Akatikisa kichwa akaenda zake. Nilipobaki peke yangu nikaona nimemdanganya. Anayependa mazingira tu si angekwenda kuhesabu ndege? Ndege hawaombi kufungwa kamba za viatu. Miaka 11 niliyokaa humu, muda mwingi nimeutumia kuhesabu vichwa, kuanika mahema, na kumuuliza mtoto kwa upole kama amekwenda choo tangu juzi.

Basi tuelezane ukweli. Siku gani ilikunasa? Habari za "hewa safi" tuwaachie wanaotengeneza vipeperushi.

Naanza mimi. Niliingia kama dereva, kazi yangu kushusha vifaa kambini na kugeuza gari. Siku moja mkufunzi akateguka kifundo cha mguu, mkuu wa kambi akanivisha filimbi shingoni na kuniambia nifuate nyuma ya kundi la vijana 9 wenye ramani yao na dira yao. Masharti mawili: wasinipotee machoni, na nisiwaambie njia.

Njia panda ya kwanza wakaingia kulia. Njia yao ilikuwa kushoto, naijua kama kiganja changu. Jamani, mdomo uliniwasha! Dakika 40 wanapanda kilima kisichowahusu na mimi nyuma nimeing'ata filimbi. Kisha aliyeshika ramani akasimama. Akautazama mto kule bondeni, akatazama karatasi, akaigeuza taratibu mpaka mto wa kwenye karatasi ukalala sawa na mto wenyewe. Muda wote huo kidole gumba chake kilikuwa kimeganda pale walipodhani wapo. Akakiinua. "Nimewapoteza mimi."

Nikajua sasa yatazuka. Dakika 40 na mabegi mgongoni si mchezo. Mmoja akasema haya, tugeuke. Mwingine akampa chupa ya maji. Basi, wakashuka.

Mimi nimekua nikiambiwa nimekosea na mtu mwenye kalamu nyekundu. Huyu aliambiwa na mto. Jioni nikamwomba mkuu wa kambi atafute mtu mwingine wa kurudisha gari.

Karibuni.

Fundo_la_Nane

Mkuu hapo kwenye kuing'ata filimbi umenigusa, maana mimi nilifanya kinyume chake.

Nilianza kwa sababu ya kupanda miamba. Nilikuwa naipenda kamba kuliko watu, nisifiche. Nikaona kumbe kuna mahali unalipwa ukishika kamba kutwa, watoto nikawachukulia kama gharama ya kuvumilia. Msimu wa kwanza akaja kijana wa miaka 13 hivi. Alipanda mita nne akaganda. Nilimwona vidole vimekuwa vyeupe kwenye jiwe, mguu mmoja unatetemeka kama cherehani. Akasema nishushe. Mimi huku chini nikapaza sauti: "Bado kidogo, unaweza!" Wenzake wakadakia, wakaimba jina lake. Akapanda mpaka juu, makofi kama yote.

Aliposhuka nilikwenda kumfungua lile fundo la nane, fundo lenye umbo la tarakimu 8 linalomfunga mpandaji kwenye kamba, pale kwenye mkanda wake. Alikuwa ameshaanza kulifungua mwenyewe, haraka, hanitazami. Kwa siku mbili zilizobaki hakusema na mimi hata neno moja.

Mkufunzi mkongwe akaniita pembeni. Akaniuliza swali moja tu: "Nani alitaka afike juu?" Ndipo akanieleza ile kanuni ya changamoto kwa hiari, iliyoenezwa na Project Adventure ya Marekani, shirika lililoanza 1971. Mtoto ndiye anayechagua kiwango chake. Kazi yako ni kuhakikisha hata anayechagua mita mbili ana jambo la maana la kufanya. Anaweza kumshikia mwenzake mkia wa kamba, anaweza kukagua mafundo. Si ruhusa ya kukaa kivulini, wala si ukumbi wa kushangiliwa kwa nguvu.

Wengi watawasimulia watoto waliowabadilisha wao. Mimi nimebaki kwa sababu ya yule niliyemharibia wiki yake. Ningeondoka mwaka ule, ningeondoka nikijiona mkufunzi mzuri.

Babu_Dira

Vijana, hamjambo. Mimi nimestaafu, magoti ndiyo yaliyoniandikia barua.

Naona hapa hamsemi kazi hii ilitoka wapi, na asiyejua hilo huiona kama matembezi ya shule. Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, alipowapeleka wavulana wapatao 20 kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, aliwachanganya wa matabaka tofauti makusudi, kwenye makundi madogo yenye viongozi vijana. Mpaka leo makundi yetu ni madogo kwa sababu ileile: kwenye watu 30 mtoto anajificha, kwenye 8 hana pa kujifichia.

Kisha 1941, vitani. Meli za biashara zinapigwa torpedo. Lawrence Holt, mwenye kampuni ya meli, aliamini kwamba kwenye mashua za kujiokolea mabaharia vijana wenye nguvu walikuwa wanakata tamaa na kufa, huku wazee waliozoea misukosuko wakivumilia. Yeye na mwalimu Kurt Hahn, Mjerumani aliyekimbia utawala wa Hitler, wakaanzisha shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales. Hoja yao haikuwa misuli. Kijana alihitaji kuwa ameshapita kwenye dhiki kabla ya siku ya dhiki yenyewe.

Mimi nilikuwa baharia. Nimeona mtu mzima, mwili kama mbuyu, akilia usiku wa dhoruba, na mpishi mwenye nywele nyeupe akiendelea kufunga masufuria yasigongane. Nilipoacha bahari nikatafuta kazi ya kutengeneza watu wa aina ya yule mpishi. Ndivyo nilivyoingia.

Na wewe Nyayo, hao vijana wako uliwafundisha hesabu ya Naismith, ile ya kukadiria muda wa kutembea milimani? Ya 1892 lakini haijazeeka: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza nusu saa kwa kila mita 300 za kupanda. Anayeijua hashangai dakika 40, anajua tangu dakika ya 15 kwamba mto umechelewa kutokea.

Nyayo_Mbili

Shikamoo mzee wangu. Nilikuwa dereva siku ile, hata mimi mwenyewe sikuijua!

Mwl_Kereng'ende

Nilifundisha baiolojia darasani miaka saba. Kipindi dakika 40, kumi za kutuliza watu, tano za mahudhurio.

Siku moja niliwapeleka kidimbwini na trei jeupe la plastiki na wavu. Binti mmoja akachota tope, akamwaga, tukakaa kimya maji yatulie. Katikati ya takataka kikatembea kidudu cha kahawia, kibaya kweli, lava wa kereng'ende. Kando yake kiluwiluwi kidogo cha chura. Hatukuona kilichotokea, ilikuwa kama kufumba jicho: mdomo wa chini wa lava ulifyatuka kama mkono, kiluwiluwi kikawa kimeshikwa. Binti akanishika mkono akasema, "Mwalimu, umeona? UMEONA?"

Nilikuwa nimemchora mdudu yule ubaoni miaka saba yote na sikuwahi kumwona akila. Kwa hiyo jibu la kweli lilikuwa ndiyo, nimeona, mara ya kwanza kama wewe.

Niliandika barua ya kuacha muhula uleule.

Mama_Hema

Yangu haina kidudu wala mashua.

Nilipokuwa msaidizi wa jikoni kambini, wakufunzi wote walikuwa wanaume. Msichana mmoja akakataa kutembea siku ya tatu. Wakasema mvivu, wakasema kadeka. Nikamfuata hemani nikamkuta amekaa juu ya sweta lake. Kaingia hedhi mara ya kwanza maishani, porini, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Nikasomea. Sasa kila kozi, jioni ya kwanza, naongea na wavulana na wasichana pamoja, bila kunong'ona: choo cha porini ni shimo la sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka kwenye maji na njia na kambi. Pedi haizikwi, inafungwa kwenye mfuko inarudi nasi. Vifaa viko kwenye begi la bluu, mtu achukue bila kuomba. Wavulana wanacheka dakika mbili, kisha wanauliza maswali ya maana kuliko watu wazima.

Kama kuna mwanamke anasoma hapa na anajiuliza kama misuli yake inatosha, begi la bluu lina gramu 600.

Zamani_Kambini

Naona kila mtu analia machozi ya furaha. Mimi niliacha, ngoja niwaharibie.

Miaka sita, mikataba ya msimu. Miezi minne una kazi, miwili huna, ukiugua katikati shauri yako. Mwajiri wangu mmoja alihesabu "siku ya mapumziko" kuwa ile unayoosha vifaa. Na ile kuwajibika saa 24: mtu akikohoa usiku hema la tatu, umeamka. Nimehudhuria harusi mbili tu katika miaka sita, zote nilichelewa.

Kilichonitoa hasa ni radi. Tulikuwa kwenye mgongo wa mlima na vijana 10. Kanuni tunaijua wote, sauti inakwenda kilomita moja kwa kama sekunde tatu, kwa hiyo ngurumo ikikufikia chini ya sekunde 30 baada ya mmweko, imeshakuwa karibu mno. Nikahesabu 25. Nikawageuza. Nikahesabu 14. Tukafika chini kwenye miti mifupi, nikawatawanya, kila mmoja amechuchumaa mbali na mwenzake, miguu pamoja, na mabegi yenye vyuma tumeyaacha kule. Nikahesabu 6. Binti mdogo kuliko wote aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Anko, tunasubiri nini?" Nikamjibu, dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Akaweka saa yake.

Hakuna aliyeumia. Ripoti ilisema nimefanya sawa. Ila usiku ule mikono ilikataa kufunga zipu ya hema, na msimu uliofuata kila nikiona wingu nahesabu watoto wasiokuwepo. Nikaacha kabla sijawa mtu wa kuwaogopesha.

Kwa hiyo huyo mpwa aambiwe na hili pia.

Fundo_la_Nane

Ndugu, pole. Na mimi sidhani ulishindwa.

Zamani_Kambini

Sijasema nilishindwa. Nimesema niliacha. Yule binti wa saa naye ni mkufunzi sasa, ndiye aliyenitumia kiungo cha huu uzi.

Kimya_Kingi

Mimi nilikuwa yule mtoto ambaye shule inamtuma kambini ili walimu wapumzike.

Siku ya kwanza mkufunzi alinipa kubeba mkoba wa huduma ya kwanza. Hakunipa hotuba yoyote, alisema tu "ukae katikati ya kundi, asiwe mtu mbali na wewe." Nilisubiri aseme sababu, hakusema. Siku nne nimeubeba sijaufungua. Siku ya tano mmoja niliyekuwa sipatani naye akaanza kuchechemea. Nikamwambia avue soksi. Kisigino chekundu, bado halijawa lengelenge. Nikabandika plasta pale pale, kama tulivyofundishwa, kabla halijatunga maji. Akavaa kiatu akaendelea.

Niliangalia nyuma kama mkufunzi ameona. Alikuwa anatazama ndege, au anajifanya.

Sasa nina mwaka wa nane kazini. Huwa natazama ndege sana.

Nyayo_Mbili

Asanteni wakuu. Mpwa wangu nimempa simu asome kila kitu, pamoja na ya Zamani. Kakaa nayo saa nzima. Nimemwambia kama bado ana nia aanzie kwenye kozi ya huduma ya kwanza ya porini, si ile ya mjini, maana kule gari la wagonjwa linaweza kuwa mbali kwa saa nyingi na mgonjwa ni wako mpaka lifike. Kisha ajitolee msimu mmoja ndipo aamue.

Ana swali moja tu kwenu: mnalala saa ngapi?

Mama_Hema

Tukimaliza kuhesabu vichwa.

Babu_Dira

Na vikitimia.