Tupeane uzoefu: mnyama wa visiwani kwetu uliyemuona kwa macho yako

Binti wa Pete
Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Kila aliyeishi karibu na mnyama wa kwetu, wa msituni au wa baharini, naomba atueleze alichomuona akifanya, na kinachommaliza. Naanza mie.

Nimekulia Pete, jirani na msitu wa Jozani, Unguja. Bibi yangu alikuwa akichoma makaa, na kila tukifungua tanuri tulikuta kima punju washajipanga juu ya mwembe. Siku moja alishuka jike, mtoto kamng'ang'ania kifuani. Akaokota kaa lililopoa, akaligeuza mkononi (mkono wenyewe hauna dole gumba), akalitafuna taratibu mpaka midomo ikawa myeusi. Kile kitoto kikanyoosha mkono kikachukua chenga. Bibi akawafukuza kwa fagio, maana watu wa zamani waliamini kima huyu ana sumu, na jina la punju limetokana na hayo.

Nimekuja kuelewa ukubwani. Majani ya mti wa mkungu na ya mwembe yana lishe nzuri lakini yana vitu vinavyodhuru tumbo, na makaa huvinyonya. Mtoto hufundishwa na mama yake. Basi ni dawa ile, ndugu zangu, na wao wameijua bila daktari!

Lakini mikungu na miembe iko vijijini, na baina ya msitu na kijiji kuna barabara. Kabla ya kuwekwa matuta pale Jozani nilimkuta jike kagongwa, kalala pembeni ya lami, mtoto bado kamshika manyoya. Nilikuwa nakwenda skuli. Siku ile sikusoma kitu. Duniani kote kima huyu ni wa Unguja tu, na wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, mwaka 1974.

Mchuma Karafuu
Waalaykum salaam dada. Mie wa Pemba, nitasema la popo wetu mkubwa, ambaye naye hayupo kwengine ila kisiwani kwetu. Mabawa yake yakikunjuliwa yanapita mita 1.5, na uso ni kama wa mbweha. Huyu hatafuti njia kwa mwangwi kama popo wadogo, anatumia macho na pua.

Baba yangu alikuwa muwindaji wao. Nasema haya bila kumuonea haya marehemu, ndivyo watu walivyokula. Popo hawa hulala mchana mamia kwa mamia kwenye mti mmoja, na hapo ndipo walipoponzwa, maana risasi za marisau zikipigwa mara moja huanguka wengi. Na jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Kufika mwisho wa miaka ya 1980 walibaki wachache mno.

Miti waliyoponea mingi ilikuwa ya makaburini na kwenye mizimu, ambako hakuna anayethubutu kutia shoka. Baadaye watu wa Kidike na vijiji vyengine wakaamua kuwalinda wenyewe, na kwenye miaka ya 2000 walipohesabiwa walikuwa wamepita 20,000.

Nenda Kidike saa saba mchana, jua kali, uwatizame. Kila mmoja kajining'iniza kichwa chini anajipepea kwa bawa moja, hili likichoka analeta la pili. Chini utaokota makapi makavu ya embe na shelisheli: anatafuna, anameza maji, anatema nyuzi. Mbegu ndogo za mikuyu anazimeza na kwenda kuziangusha mbali. Nikiwa shambani nikiona mkuyu umeota juu ya mti mwengine, namjua aliyeupanda.

Nahodha wa Kusini
Kizimkazi. Zamani pomboo alivuliwa awe chambo cha papa. Siku hizi anatupa riziki kwa wageni, na bado tunamuonea. Pomboo halali kama sisi. Nusu ya ubongo hupumzika, nusu hubaki macho ili apande juu avute pumzi. Asubuhi wanapojikusanya kwenda polepole, kupanda na kushuka pamoja, ndio usingizi wao. Boti kumi zikawazunguka, wageni wakaruka majini, hawajalala. Nimefanya hivyo miaka mingi. Sasa nazima mashine mbali, nangoja. Wakija, wamekuja wenyewe. Wasipokuja namwambia mgeni ukweli.

Mama wa Mkoani
Mie naomba nisemee kasa, kwa uchungu. Mwezi Machi 2024 kisiwani Panza tulizika watoto wanane na mama mmoja waliokula nyama ya kasa. Mwaka 2021 pia walikufa watu saba Pemba hii hii. Sumu hiyo haionekani, hainuki, na kuipika haiiondoi. Hata mama anayenyonyesha akila, mtoto anaweza kuipata kwenye maziwa. Kasa aitwaye ng'amba hula sponji za baharini ambazo nyingi zina sumu. Jamani, akinaswa kwenye jarife mfungueni aende zake. Yeye mwenyewe amekwisha kwa nyavu, na kwa taa za hoteli zinazowapoteza watoto wake, wakitoka kwenye mchanga wakaelekea nchi kavu badala ya bahari.

Binti wa Pete
Innaa lillaahi. Allah awarehemu. Kuna wa upande wa Makunduchi anayemjua paa nunga?

Mtu wa Maweni
Namjua, dada. Mdogo, mwekundu, ana mstari mweupe mapajani. Anamalizwa na mbwa wa wawindaji na kukatwa kwa msitu wa maweni. Ukimtaka, wafuate kima wako wale wale. Wao wanakula juu na kuangusha majani na maua, yeye anapita chini anaokota. Wa mwisho nilimuona alfajiri, nimekaa juu ya jiwe. Maua yalikuwa yanadondoka tap, tap, naye anasogea kila linapoanguka, hatua mbili hatua tatu. Kima mmoja akalia kwa hofu. Paa akanyanyua kichwa kabla yangu, akaingia mawe, sikumuona tena.