Tupeane uzoefu: Uliwahi kuuliza mapato na matumizi kwenye mkutano wa kijiji?

Mkazi Halali: Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu, na mjumbe ni kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Kwenu unaitishwa? Ukinyoosha mkono inakuwaje?

Binti Kisima: Kwetu mpaka aje mgeni wa wilayani.

Nyanda wa Mpunga: Umenitonesha. Tuliitwa kujadili zahanati. Likapita daftari la mahudhurio, tukasaini, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Masika yalipokaribia tukakuta vigingi kwenye bonde letu la mpunga. Kwenda ofisini tunaonyeshwa muhtasari: eti mkutano umeridhia mwekezaji apewe bonde. Nyuma yake wamebana kwa pini majina yetu yale yale ya zahanati! Dole la mama yangu lipo, wino wa bluu umevuka mstari. Niliishiwa nguvu, jamani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, ndiyo maana walizitaka saini zetu. Mpaka leo vigingi vipo.

Shangazi Nuru: Pole sana mwanangu. Na kwetu daftari hupita kabla ajenda haijasomwa.

Mtendaji Mmoja: Msitupake tope wote. Mimi naitisha, wanakuja wazee tu. Vijana wako mpirani.

Binti Kisima: Waje kusikiliza nini? Mapato na matumizi umebandika ubaoni?

Mtendaji Mmoja: Nimebandika. Njoo usome.

Mzee Tulivu: Acheni hayo, tusaidie bonde. Nyanda, nakala ya muhtasari mnayo?

Nyanda wa Mpunga: Tuliambiwa tuandike barua. Tukaipeleka, ikawa mtendaji yuko semina.

Shangazi Nuru: Msisaini chochote mpaka mkutano ufungwe.

Fundi Seremala: Hapana shangazi, usiposaini watasema hukuwepo. Saini, ila kila ukurasa uwe na tarehe na ajenda, na chini ya jina la mwisho pigeni mstari. Kisha piga picha kwa simu.

Chapati Moto: Pikeni na pilau, vijana watajaa wenyewe!

Mtendaji Mmoja: Nyanda, barua iandikwe upya, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Hakikisha nakala yako imegongwa mhuri wa kupokelewa.

Nyanda wa Mpunga: Ile ya kwanza haikugongwa. Jumatatu naenda.