M99 ikimwingia mtu: tone moja kwenye ngozi linaua?

Mwanagenzi_Kwale: Asalaam aleikum. Timu yetu itawadunga ndovu mishale ya usingizi Shimba Hills, na dawa ni M99, yaani etorfini. Wenzangu wanasema tone moja likikugusa basi umekwisha. Ni kweli? Na tubebe naloksoni, dawa ya kuizima M99, kiasi gani?

Dkt_Mifugo_Kisauni: Waaleikum salaam. Ngozi nzima haipitishi dawa upesi. Mwaga maji mengi papo hapo, vua nguo iliyolowa. Hatari kubwa ni sindano, kidonda, jicho na mdomo. Etorfini ina nguvu mara 1,000 hadi 3,000 kuliko mofini, na ndovu wa tani kadhaa huangushwa na miligramu zisizofika 20. Ajali nyingi hutokea wakati wa kujaza mshale. Ukisukuma hewa ndani ya kichupa, dawa huruka machoni pindi unapochomoa sindano. Mshale ulioshindiliwa hewa nao hurusha dawa kifuniko cha sindano kikiteleza. Kwa hivyo vaeni glavu na miwani, wala usivue kifuniko kwa meno. Naloksoni ivutwe kwenye bomba la sindano KABLA M99 haijafunguliwa, na asimame mtu wa pili anayejua kuidunga. Tafadhali, asiijaze mtu peke yake!

Sista_Dharura: Kinachoua ni pumzi kukatika. Ukiona kizunguzungu, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya pini, midomo inageuka buluu, usingoje. Mpumulishe kwa barakoa na mfuko, pumzi moja kila sekunde 5 au 6, huku mwenzako akidunga naloksoni miligramu 0.4 hadi 2, msulini au mshipani. Rudieni kila dakika 2 au 3 mpaka apumue vizuri. Ampuli (kichupa kidogo) ya kawaida ina miligramu 0.4 tu, kwa hivyo mkirudia mpaka kufika miligramu 10 ni ampuli 25. Ampuli mbili mfukoni hazikingi mtu.

Akiamka msimwache aende nyumbani. Naloksoni huisha nguvu baada ya saa moja hivi, etorfini bado imo mwilini, na pumzi hukatika tena akiwa amelala. Mpelekeni hospitali ya Kwale, msivuke feri ya Likoni kwenda Mombasa na mgonjwa wa namna hiyo. Pigeni simu mapema, muulize kama naloksoni ipo.

Mwanagenzi_Kwale: Shukran sana. Na tukichanganya M99 na azaperoni, ile dawa ya kutuliza?

Dkt_Mifugo_Kisauni: Naloksoni haiigusi azaperoni, wala zailazini, dawa nyingine ya kutuliza. Usingizi utabaki hata pumzi ikirudi, kwa hivyo mlazeni ubavu. Andikeni majina ya dawa na vipimo kwenye karatasi, iende naye hospitali.