Haki ya chakula ni ya kweli au ya kwenye makaratasi tu?

Mdadisi: Wadau, hivi haki ya chakula ipo kweli? Maana vijijini kila mwaka ile miezi kabla ya mavuno njaa iko palepale, watu wanapalilia na tumbo tupu.

Jembe_Butu: Ipo mkuu. Azimio la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa la 1948 ibara ya 25, halafu Mkataba wa UN wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa 1966 ibara ya 11. Haimaanishi serikali ikupikie lakini 😂 inatakiwa isikuzuie kujilisha, ikulinde na wanaokupora shamba, ukikwama kabisa ndo ikusaidie.

Bibi Shamba: Sawa ila mnasahau deni. Mtu kavuna leo kesho anayemdai yuko mlangoni, anauza gunia bei ya kutupa maana kila mtu anauza wakati huohuo, miezi michache mbele ananunua nafaka ileile bei juu, mwisho anakung'uta mfuko wa mbegu apike.

Mdadisi: Duh, hapo kwenye mbegu umenigusa. Kwa hiyo dawa ni ghala?

Jembe_Butu: Ghala linasaidia, mradi fukusi wasiingie. Na vibarua vya serikali viletwe miezi hiyo ya njaa, sio watu washashiba ndo wanaitwa kuchimba mitaro.