Baba ana saratani ya tezi dume, bima wamekataa kulipia mionzi. Naombeni ushauri

Kifunguamimba

Wakuu habari za jioni. Naombeni mnisome hadi mwisho, kichwa changu hakijatulia.

Baba yangu ana miaka 67, mstaafu wa Korogwe, tangu Machi yuko kwangu Dar. Alianza kuamka usiku mara nne, mara tano kwenda chooni, na mkojo unakatikakatika. Tulipima PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ikasoma 11.4. Akafanyiwa picha ya MRI, akachukuliwa vinyama 12, vitano vikakutwa na saratani. Ripoti inasema Gleason, yaani alama ya ukali wa saratani, 3+4=7. Daktari anasema bado imo ndani ya tezi, haijatoka nje.

Tumepewa njia mbili: upasuaji wa kuitoa tezi yote, au mionzi ya vipindi 20 pamoja na sindano za homoni kwa miezi sita. Mzee anataka mionzi. Anasema kisu alikutana nacho jandoni, kinamtosha. Mdogo wangu anang'ang'ania upasuaji, kitoke kabisa tujue kimetoka. Mama hasemi kitu, anasali tu.

Sasa bima. Baba ni mtegemezi kwenye bima ninayopewa kazini, nilimwingiza Januari 2023. Hospitali iliomba kibali cha mionzi, tukasubiri siku tisa, ikaja barua ya mistari mitatu: ombi limekataliwa, ugonjwa ulikuwepo kabla ya kujiunga. Nikapiga simu, dada aliyepokea akaniambia, "Labda mngeomba upasuaji, hiyo tunaweza kuangalia." Sielewi ugonjwa uleule unakuwaje wa zamani kwa mionzi na mpya kwa kisu.

Ni kweli mwaka 2021 baba alitibiwa tezi dume iliyovimba, akawa anameza dawa ya tamsulosini. Lakini saratani hakuna aliyeitaja. Tuchague nini? Na hawa wa bima tuwafanyeje? Nina kiwanja Kibaha, nakiuza au nasubiri?

Binti Mzizima

Pole sana kaka, na mpe pole mzee. Kiwanja usikiguse wiki hii. Wanunuzi wakijua una mgonjwa wanakupa bei ya msiba.

Babu wa Barabara ya Kumi

Mwanangu, mimi nina miaka 71, nilitolewa tezi miaka sita iliyopita. Nakueleza niliyopitia ili umweleze baba yako kiume, asije akashtukizwa.

Nilikaa na mpira wa mkojo siku kumi na mbili. Ulipotolewa nilidhani yamekwisha, kumbe ndiyo yanaanza. Nikikohoa mkojo unatoka. Nikiinuka kwenye rakaa unatoka. Niliacha kwenda msikitini miezi mitatu, nikawa nasali chumbani na kitambaa. Kilichonisaidia ni zoezi alilonifundisha nesi, kubana misuli kama mtu anayekatisha mkojo katikati, kila siku asubuhi, mchana na jioni. Mwezi wa tano tangu nipasuliwe nikarudi safu ya mbele.

La pili ni la ndoa. Daktari wangu alitueleza mimi na mke wangu pamoja, kabla ya kisu, kwamba nguvu zinaweza zisirudi. Zilirudi nusu. Kwa kuwa mama alishasikia kwa masikio yake, hakukuwa na kunung'unika ndani ya nyumba. Mpeleke mama yako naye akasikie. Asiachwe nyumbani na tasbihi.

Jirani yangu alichagua mionzi. Yeye mkojo haukumsumbua sana, lakini tumbo lilimsumbua, haja za ghafla na damu kidogo kwenye choo kwa muda. Zile sindano za homoni zilimletea joto la ghafla usiku na uchovu, kama wanavyosimulia akina mama waliokoma hedhi. Wote wawili tupo hai na tunacheza bao pamoja. Mdogo wako mwambie mwenye mwili ni baba.

Dozi Asilia

Kuna mizizi ya kuchemsha, siku 21 tezi inasinyaa yenyewe. Njoo inbox.

Mpimaji

Dozi Asilia, mtu ana majibu ya kinyama mkononi, usimpotezee wakati. Baba yangu alikunywa mizizi mwaka mzima huku anachuliwa mgongo kwa kudhani ni baridi yabisi. Tulipokuja kumpima vizuri ilishafika kwenye mifupa. Kifunguamimba, kabla ya kuchagua lolote ulizeni kama mzee anahitaji kipimo cha mifupa. Kwa PSA iliyopita 10 na Gleason 7 ni swali halali kabisa.

Dawati la Madai

Nimefanya kazi miaka minane hospitalini, dawati la bima, kujaza fomu hizihizi. Nitajibu la bima.

Kwanza omba nakala ya fomu ya kibali ILIYOTUMWA na hospitali. Siyo barua waliyokujibu, fomu. Angalia alama ya ugonjwa. Saratani ya tezi dume ni C61. Uvimbe wa kawaida wa tezi, ule usio saratani, ni N40. Nimeona mara nyingi mfumo unavuta alama ya zamani ya mgonjwa na karani anaituma vilevile. Kama imeandikwa N40, aliyekaa na fomu kule kwenye bima ameona ugonjwa wa 2021, akagonga muhuri. Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Mtu anaweza kuwa na uvimbe miaka ishirini na asipate saratani.

Pili, 2021 walimpima PSA? Kama ilikuwa chini, hiyo karatasi ina thamani kuliko kiwanja chako.

Tatu, maneno ya simu si jibu. Waandikie wakuoneshe kifungu cha mkataba walichotumia. Mkataba wenyewe anao afisa utumishi wa kazini kwako, na mwajiri ndiye mteja wao mkubwa, barua ipitie kwake. Ambatanisha ripoti ya kinyama yenye tarehe, na daktari wa mionzi aandike kwa nini matibabu haya na kwa nini sasa. Wakikataa tena, peleka malalamiko TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ofisi hiyo ipo kwa ajili ya mteja na kampuni wanaposhindwana. Kila ukipeleka karatasi, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Na tazama kikomo. Mionzi mgonjwa anakwenda na kurudi nyumbani, kwa hiyo baadhi ya mikataba inaihesabu fungu la wagonjwa wa nje, ambalo huwa dogo. Jua hilo kabla ya kusherehekea kibali.

Zamu ya Usiku

Niongeze kwenye kuchagua. Saratani hii mara nyingi huenda polepole, wiki chache za kupigania bima hazimuui mzee. Kuna utafiti wa Uingereza, ProtecT, uliogawa wanaume 1,643 kwenye makundi matatu: kufuatiliwa kwa karibu, kupasuliwa, kupigwa mionzi. Baada ya miaka 15 waliokufa kwa saratani hiyo hawakufika 3 katika kila 100, na tofauti kati ya makundi ilikuwa ndogo. Wengi wao PSA ilikuwa chini kuliko ya mzee, kwa hiyo isiwe ruhusa ya kukaa tu. Lakini kisu na mionzi vinakaribiana, mnachochagua hasa ni madhara yapi mzee anaweza kuishi nayo.

Jambo moja: sindano za homoni mara nyingi huanza kabla ya mionzi. Muulizeni daktari kama aanze sasa kwa fedha zenu huku rufaa inaendelea.

Kifunguamimba

Wakuu, narudi baada ya wiki tano.

Dawati la Madai, Mungu akubariki. Fomu ilikuwa N40. Nilisimama pale dirishani nikaisoma mara tatu. Na PSA ya 2021 ipo, 3.1, mama alikuwa ameitunza kwenye mkoba wa vyeti vya ubatizo, imekunjwa mara nne. Alipoulizwa ndipo akafungua mdomo: "Mimi karatasi ya hospitali situpi."

Tulipeleka rufaa kupitia mwajiri na barua ya daktari. Walikaa siku kumi na saba. Wamekubali mionzi, vipindi vyote 20. Sindano wamezikataa, wanasema haziko kwenye orodha yao. Ya kwanza nimelipa mwenyewe, kwa hiyo la sindano bado nalifuata kwa Msuluhishi. Kipimo cha mifupa kimetoka safi. Kiwanja kipo.

Tulikaa na daktari sisi wanne, mama akiwemo. Mdogo wangu aliuliza maswali yake yote, kisha akamgeukia mzee akasema, "Basi baba, mionzi."

Tunaanza Jumatatu Ocean Road, hospitali ya saratani. Wamemwambia kila kipindi afike na kibofu kimejaa na amepata choo. Mzee ameanza kujizoeza: saa mbili kamili anakunywa chupa ya nusu lita, anakaa barazani na saa yake ya mkononi ameilaza gotini, anahesabu dakika anazoweza kuzuia. Jana alifika 35.